Maji Hayalali Juu ya Mtu

Bonde la Wadong, Gansu
3 Machi 1996

Kaka Baocang,

Barua yako tumeichukua siku ya soko. Ina doa la chai, kwa hiyo karani wa posta aliifurahia kabla yetu. Umeandika mistari tisa. Mitatu ya baridi ya huko Ili, miwili ya chakula, na yote iliyobaki unaniuliza mimi habari za Baba. Kaka, Baba ana macho, na kusoma anajua. Mwulize mwenyewe, hang'ati.

Haya, habari zake ndizo hizi. Kikohozi kimepungua. Barafu imeanza kuiachia ardhi kwa juu, chini bado ni ngumu, na kuta za ua zinabambuka magamba kama kila mwaka. Vumbi liko kwenye uji, liko kwenye mto wa kulalia, liko kwenye meno yangu ninapokuandikia. Huko kwenye mfereji wenu labda mnakula chakula kitupu. Sisi huku udongo ndio chumvi yetu.

Baba anachimba. Ameanza tangu siku ya pili ya Mwaka Mpya, kule juu, nyuma kidogo ya uwanja wa kupuria, sawasawa juu ya mgongo wa pango tunamoishi. Nikamwambia, "Baba, si wewe uliyetufundisha kuwa juu ya malazi hachimbi hata panya?" Akasema, "Shimo la viazi ni kavu. Kikavu hakidhuru." Nikamwambia la viazi tunalo uani. Akasema la uani limeoza. Halijaoza, nimeingia mwenyewe. Lakini unamjua, ukibishana naye anatia udongo kidogo mdomoni, anautafuna, anaangalia mbali kama vile udongo ndio unaomjibu.

Ana miaka sitini na mitatu na anashuka shimoni kwa kamba. Nimemwuliza shimo gani la viazi lenye kina cha watu watatu. Akanijibu kwamba hata babu wa babu yake hakuwahi kufika mwisho wa udongo huu wala kukuta jiwe, kwa hiyo nisimpimie.

Kaka, nikishaolewa mwezi wa kumi nani atalikokota gogo la jiwe juu ya pango kila baada ya mvua, kushindilia udongo? Mwaka jana wote nimelikokota mimi. Mabega yangu yamekuwa ya punda, na mchumba wangu ameshaanza kuniangalia kwa heshima. Mwandikie Baba mstari mmoja. Mmoja tu. Miaka mitatu ya kununa inatosha hata kwa wanaume.

Mdogo wako,
Xihua


Kambi ya mfereji, Ili
26 Machi 1996

Xihua, mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikacheka, kisha nikakosa raha. Usimwache ashuke shimoni bila mtu wa kushika kamba. Mwombe Baba Mdogo Manhe avuke korongo aje akae naye. Kama yeye na Baba hawajanuniana tena, maana ndugu hao wawili nao.

Nina jambo la kukueleza na sijui nianzie wapi.

Udongo wa huku ni ule ule wetu. Wa njano, laini kama unga, na ukiukata kwa sepetu unasimama wima kama mlango. Nilipofika nilifurahi, nikajiona fundi kati ya wageni. Sasa juma lililopita tulifungulia maji kwenye kipande cha kwanza cha mfereji. Siku nne yalikwenda vizuri. Siku ya tano ukingo uliketi chini, Xihua. Haukubomoka. Uliketi kama mtu aliyechoka, mita themanini kwa mara moja, na mtu wa zamu alikuwa amepita hapo dakika chache kabla.

Msimamizi wetu ni mzee anayeitwa Ge. Hakupiga kelele. Alichonga kipande cha udongo mkavu ukubwa wa tofali, akaniambia nikisimamie kwa miguu miwili. Nikakisimamia, hakikutikisika. Akakiweka kwenye sinia lenye maji ya kufika kwenye fundo la kidole. Nilihesabu. Kabla sijafika arobaini kilikuwa uji. Akanionyesha kingine, kina vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano, njia za mizizi iliyokufa zamani. Akasema, "Udongo huu una nguvu za mtu mwenye hasira. Ukiwa mkavu unabeba mlima. Ukiingiwa na maji unasahau kila kitu."

Nilitoka nje nikavuta sigara mbili.

Unakumbuka nilivyogombana na Baba. Nilitaka tuchimbe kisima cha mvua kule juu ya pango, maji yateremke yenyewe kwa bomba hadi uani. Akasema, "Maji hayalali juu ya mtu." Mara moja tu, wala hakueleza. Mama alipokufa nikamwambia, mbele ya majirani, kwamba kisima kingekuwepo Mama asingekuwa kwenye njia ya barafu na ndoo mbili, na kwamba ukaidi wake ndio uliomwua. Kesho yake nikapanda treni.

Alikuwa anasema kweli. Tungelala chini ya maji na yangetufukia.

Usimwambie. Nataka nimwambie mwenyewe, uso kwa uso, Mwaka Mpya nikija. Neno kama hili haliandikwi kwenye karatasi lichekwe na karani wa posta. Niapie kwamba utanyamaza.

Kaka yako,
Baocang


Bonde la Wadong
22 Aprili 1996

Kaka,

Nimeapa. Sikupenda, lakini nimeapa.

Ujue tu kwamba siku hiyo hiyo ilipofika barua yako, mtu mwingine humu ndani naye aliniapisha jambo lingine. Kwa hiyo nina kufuli mbili mdomoni, funguo zote ziko kwa wanaume, na mimi ndiye ninayekohoa. La kwake ni jambo jema, ameniambia, na nimelitazama, naona ni jema. Anajua anachokifanya. Ameshafanya mengi ya aina hiyo kwa watu wengine na hakuna aliyelalamika.

Lakini Kaka, Mwaka Mpya ni mbali. Kwa nini usiandike sasa? Karani atacheka siku moja, kisha atatafuta barua ya mwingine. Nakuomba. Nisingekuomba bure.

Tumepanda viazi na kitani. Baridi ilirudi ikala miche ya dengu yote. Baba Mdogo Manhe anakusalimu, anasema uchague, ama ulete mke ama ulete farasi, yeye atakipokea kitakachofika kwanza.

Xihua


Kambi ya mfereji, Ili
9 Julai 1996

Xihua,

Nisamehe ukimya. Nilianza barua mbili za kwenda kwa Baba na zote nimewashia jiko.

Nimepewa kundi la watu kumi na wanne. Mzee Ge anasema mtoto aliyezaliwa ndani ya udongo ana haki ya kuamrisha waliozaliwa ndani ya matofali. Kwa sababu hiyo Mwaka Mpya huu sitakuja. Wanataka mtu wa kulinda kingo wakati wa barafu, na mimi nimenyoosha mkono kabla sijafikiri. Au nilifikiri. Nilipoushusha nilisikia nafuu, nikaona aibu kwa ile nafuu.

Ya Baba yatangoja mwaka mwingine. Yeye si mtu wa kuharakishwa. Harusi yako itanipita, na hilo linaniuma kweli. Nitakutumia mablanketi ya sufu ya huku, mazito, mumeo atatokwa jasho.

Usinikasirikie.

Baocang


Bonde la Wadong
14 Julai 1996

Kaka,

Navunja viapo vyote viwili, cha kwako na cha Baba. Mnilaani mkiwa wazima.

Lile halikuwa shimo la viazi. Ni kisima cha mvua. Baba amekichimba pale pale ulipotaka wewe, juu ya malazi yetu, hatua kwa hatua kama ulivyopima na kamba yako miaka mitatu iliyopita. Vigingi vyako alikuwa hajaving'oa. Aliniambia mwezi wa Aprili, amekaa ukingoni, miguu ikining'inia: "Akija atakikuta kimejaa. Usimwandikie. Nataka aone kwa macho." Nikamwuliza, "Na maji hayalali juu ya mtu?" Akasema, "Nimekandika visima kumi na viwili bonde hili kwa udongo mwekundu, hakuna kilichovuja. Hiki nitakikandika mara tatu." Nami nilikuwa na barua yako mfukoni, Kaka. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu na nikanyamaza.

Mwanzo wa Juni ilinyesha, kikajaa nusu. Watu walikuja kuangalia. Baba aliteremsha maji kwa bomba hadi uani, akajaza sufuria, akanywa mbele yao. Sijamwona hivyo tangu Mama alipokuwepo. Kisha tarehe ishirini na tisa ikanyesha usiku kucha, na kikajaa hadi shingoni.

Ufa umetokea kwenye dari la pango letu. Unaanzia juu ya dirisha unakwenda hadi juu ya kitanda cha udongo, upande wa Baba. Nimekoroga uji wa unga wa ngano nikabandika ukanda wa karatasi kuukatiza, tuone kama unapanuka, kama kawaida yetu. Siku ya tatu karatasi imechanika. Nikabandika nyingine, siku ya pili imechanika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa ufa unaotembea unazibwaje?

Baba Mdogo amekuja, ameubonyeza ukuta, amesema, "Kaka, toka humu leo." Baba akasema ukuta wa kisima umekunywa kidogo tu, barafu ilikuwa haijatoka vizuri ukutani alipokandika, ni kosa lake, atalirekebisha. Tukamwambia basi tuyatoe maji. Hapo akawa mkali. "Maji hayatoki mpaka Baocang ayaone." Na hahami. Analala pale pale, chini ya ule ufa. Anasema akihama atakuwa amekiri kwamba kisima ni kibaya, na kisima ni cha mwanawe.

Basi nikamsomea barua yako ya Machi. Ndiyo. Nikamwambia, Kaka amesema ulikuwa unasema kweli. Aliichukua karatasi akaliangalia jina la juu. Kisha akasema, "Hiyo amekuandikia wewe. Ya kwangu iko wapi?"

Kaka, mimi nalala kwa Baba Mdogo ng'ambo ya korongo na kila asubuhi navuka niangalie kama mlango upo. Andika. Andika kwake.

Xihua


SIMU YA MAANDISHI
Ili, 27 Julai 1996

DONG YOULU BONDE LA WADONG
TOKENI PANGONI LEO. TOENI MAJI YOTE. BAOCANG


Kambi ya mfereji, Ili
28 Julai 1996

Baba,

Ni mimi, Baocang.

Jana nimetuma simu kwa sababu barua ni polepole. Nimekaa usiku kucha nikaona simu ile imekuamuru. Sikukusudia hivyo, maneno yanahesabiwa. Hapa nina nafasi.

Baba, ulisema kweli. Mimi nilikosea.

Nimeuandika peke yake mstari ule ili usiutafute. Uliusema ukweli huo kwa maneno matano na mimi ilinibidi nisafiri hadi mwisho wa reli, nione ukingo wa mita themanini ukiketi chini, ndipo nielewe. Udongo huu wewe uliujua kwa ulimi. Mimi nilidhani nimeujua kwa kamba na vigingi.

Na juu ya Mama. Nilijua ni uongo wakati nausema. Nilikuwa nimembeba mimi kutoka kwenye ile njia, nguo zake zilikuwa zimeganda, na nilitaka mtu wa kumlaumu ambaye hatanipiga. Hukunipiga. Ungenipiga ningerudi nyumbani mwaka ule ule.

Nilimwambia Xihua anyamaze kwa sababu niliogopa. Hakuna sababu nyingine. Ningeandika Machi, usingekamilisha kile kisima. Hilo ni langu, si la Xihua na si lako.

Kisima nimekiona. Nimekiona tangu barua ya Xihua, sioni kitu kingine hata nikila. Kimekwisha kuonwa, Baba. Kimwage. Mwaga yote na utoke humo ndani.

Mwanao,
Baocang


Bonde la Wadong
30 Julai 1996

Kaka,

Simu yako imefika jana kwa baiskeli, na barua yako ya tarehe tisa imefika nayo. Kwa hiyo wakati mimi nabandika karatasi darini, wewe ulikuwa unanyoosha mkono. Sina nafasi ya kukukasirikia sasa, hasira nimeiweka kiporo.

Simu nimempelekea. Ameisoma amesimama, ameigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. Kisha akacheka, kicheko kile cha puani. "Miaka mitatu hajanisemesha, leo anapiga kelele kama mwenyekiti wa kijiji." Akaikunja akasokomeza chini ya mguu wa meza, ile inayoyumba. Nikapiga magoti, Kaka. Mimi, ambaye hata siku ya kuposwa sikuinama vizuri. Akaniinua akasema, "Nenda kwa baba yako mdogo, mvua inakuja."

Inakuja kweli. Milima ya kusini imekuwa myeusi. Ufa sasa unaingia kidole cha mwisho. Vumbi linadondoka usoni mwake akilala na anasema linamwamsha mapema, ni faida.

Zile mita themanini zilikaa siku ngapi? Uliandika siku nne. Sisi leo ni siku ya thelathini na moja. Nahesabu kila kitu siku hizi.

Xihua


Nyumbani kwa Manhe, Bonde la Wadong
16 Agosti 1996

Baocang,

Mimi baba yako naandika polepole, kwa hiyo vumilia.

Wote tu wazima. Nimetanguliza hilo kwa sababu Xihua amesema nisipotanguliza utakufa katikati ya barua.

Barua yako ilifika tarehe tisa. Nimeisoma mara tatu. Mara ya nne Xihua akasema karatasi itatoboka. Nikamwita Manhe na majirani, tukatoa maji kwa ndoo, mnyororo wa watu kutoka kisimani hadi shamba la viazi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi jua kuzama, na kesho yake tena. Watu walisikitika, maana katika bonde kavu kama letu hakuna anayemwaga maji. Mke wa Manhe alilia akimwagilia. Viazi vitakuwa vikubwa kama kichwa cha mbuzi. Lakini nilipoushika ukuta wa ndani wa kisima nikatia udongo wake mdomoni, ulikuwa laini, hauna punje. Nikajua umechelewa. Ulikuwa umeshakunywa.

Nikahamia kwa Manhe jioni ya siku ile ya pili. Kabla sijatoka nilikoroga uji, nikachukua barua yako nikaibandika darini kuukatiza ufa, ule mstari uliouandika peke yake ukiwa katikati. Xihua alinikemea, akasema karatasi zipo nyingine. Zipo. Nilitaka ile.

Tarehe kumi na mbili mvua ilikuwa imekatika. Xihua akataka kuingia kuchukua sanduku la mifarishi ya harusi. Aliishona kwa majira mawili ya baridi. Akasema ni hatua nane tu, nne kwenda na nne kurudi. Nikamwambia ningoje niangalie. Nikasimama mlangoni nikatazama juu. Karatasi ilikuwa imechanika, toka juu hadi chini, na kipande kimoja kilikuwa kimeshuka kuliko kingine kwa upana wa vidole viwili. Xihua alikuwa ameshanipita. Nilimshika nguo kwa nyuma nikamvuta, akaanguka uani, akaanza kunitukana. Hakumaliza tusi. Pango liliketi chini. Ulivyoandika ni sawasawa, halikubomoka, liliketi. Kisha vumbi, hatukuonana mpaka Manhe alipofika akituita kwa majina.

Mwambie mzee Ge kwamba udongo haukusahau kila kitu. Ulitungoja.

Sasa sikiliza. Kwamba nilikuwa nasema kweli, sawa. Lakini uliyosema kuhusu mama yako hayakuwa uongo mtupu. Kisima kingeweza kuchimbwa kando, mbali na malazi, hata wakati ule. Nilijua. Ulitaka kwa haraka na kwa kelele nami nikakataa kelele, nikakataa na maji pamoja nayo. Yeye akaendelea kubeba ndoo. Nimechimba pale ulipotaka wewe kwa sababu nilikuwa na deni kwake na sikujua pa kulipia pengine. Mzee anaweza kujua udongo kwa ulimi na bado akafanya upumbavu.

Xihua ataolewa akitokea kwa Manhe. Mifarishi imekwenda, anasema ataolewa na mablanketi yako ya sufu, kwa hiyo yalete na yawe mazito kama ulivyoahidi. Kiporo chake cha hasira anacho bado, ameniomba nikukumbushe.

Mimi nimeshachagua ukuta mpya, upande wa juani, udongo mkavu, sauti yake nzuri ukiupiga. Barafu ikija nitaanza kuuchonga, ila siwezi peke yangu. Kisima tutachimba hatua hamsini kutoka hapo. Utapima wewe, nitakandika mimi, na tutangoja ukuta uyeyuke kwanza.

Jambo la mwisho. Barua yako iko chini ya udongo, kina cha watu watatu. Xihua anasema ananikumbukia maneno yote, lakini kwa mdomo wake hayawi yale. Ule mstari uandike tena. Au acha zamu ya barafu kwa mwingine, upande treni uje uniambie. Masikio yangu bado yanasikia.

Baba yako,
Dong Youlu